Palermo: Mji Uliojengwa na Waliofukuzwa

Kwenye baraza ya kusini ya Kanisa Kuu la Palermo, mahali waumini wanapopita kwenda misani, ipo nguzo moja upande wa kushoto iliyochongwa maandishi ya Kiarabu. Ni aya ya Kurani, ya 54 katika Suratul Aaraf, inayomtaja Mungu aliyeziumba mbingu na ardhi. Watalii wengi huipita bila kuiona kwa sababu macho yao yamekwisha kuvutwa na minara na makuba. Maaskofu nao wameipita kwa karne nyingi, na nguzo bado imesimama na maneno yake.

Uwanja huo umebadilisha wenyewe mara nyingi. Kulikuwa na kanisa la kale. Waislamu walipoutwaa mji mwaka 831 wakaligeuza msikiti wa Ijumaa. Wanormani walipoingia mwaka 1072 wakaurudisha kuwa kanisa, na mwaka 1185 Askofu Mkuu Gualtiero akajenga juu yake kanisa kubwa linaloonekana leo. Inaaminika kwamba nguzo ile ilitoka kwenye jengo la msikiti. Na si mbali na hapo, katika Via del Celso, kanisa dogo la San Paolino dei Giardinieri lilikabidhiwa kuwa msikiti mwaka 1990, nao unasimamiwa na serikali ya Tunisia.

Kwa mambo kama haya Palermo husifiwa kuwa mji wa kuvumiliana. Vitabu vya watalii vinasema hivyo, na UNESCO nayo mwaka 2015 iliyaingiza majengo yake ya Kiarabu na Kinormani katika Urithi wa Dunia kwa sababu inayokaribiana na hiyo. Mimi naona sifa hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba karibu kila jamii iliyoupa mji huu uzuri wake ilikuja kufukuzwa, kuuawa au kuuzwa. Anayetembea Palermo bila kulijua hilo ataiona dhahabu, lakini mikono iliyoipanga ukutani hataiona.

Wafinisia ndio walioanza kuweka makazi hapa, karne ya nane kabla ya Kristo, kwenye ulimi wa ardhi kati ya vijito viwili, Kemonia na Papireto. Vijito hivyo sasa vimefukiwa chini ya mitaa. Wagiriki waliipa bandari jina la Panormos. Roma iliitwaa mwaka 254 KK. Baadaye wakaja Wavandali, kisha Wagothi, na mwaka 535 akaja Belisarius, jemadari wa mfalme wa Konstantinopoli. Aliukuta mji umefunga malango. Akatazama kuta za upande wa bandari, akaona ni fupi kuliko milingoti ya meli zake. Akaamuru mashua zijazwe wapiga upinde, kisha zivutwe kwa kamba mpaka kwenye vilele vya milingoti. Walinzi walipoona mishale inawashukia kutoka juu, wakasalimu amri. Aliyetuachia kisa hiki ni Procopius, katibu aliyefuatana na jemadari huyo vitani.

Lakini Palermo kama mji mkuu haikuzaliwa na Roma wala Konstantinopoli. Ilizaliwa na watu waliovuka bahari kutoka pwani ya Afrika.

Mwezi Juni 827 jeshi la Waaghlabi, ukoo uliotawala Ifriqiya, yaani Tunisia ya leo na jirani zake, lilishuka Mazara, magharibi mwa kisiwa cha Sisilia. Kiongozi wake hakuwa askari wa kazi. Alikuwa Asad ibn al-Furat, kadhi wa Kairouan, mwanachuoni wa fiqhi aliyekaribia umri wa miaka 70. Hakuishi kuyaona matunda ya safari yake, maana mwaka uliofuata, jeshi likiwa limeuzingira mji wa Syracuse, maradhi yaliingia kambini na yeye akafa. Palermo ilisalimu amri mwaka 831 baada ya kuzingirwa kwa takribani mwaka mmoja. Syracuse, uliokuwa mji mkuu tangu zama za Wagiriki, ukapoteza nafasi hiyo, na Palermo haikuirudisha tena.

Walicholeta watu hao hakikuwa dini na lugha peke yake. Walileta malimau, machungwa machungu, miwa, pamba na miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri. Na kwa kuwa mimea hiyo haistahimili kiangazi cha Sisilia bila maji, walileta pia elimu ya kuyatafuta maji. Hapa ndipo penye kona iliyofichika kuliko zote za Palermo, kwa sababu ipo chini ya miguu. Ni qanat, mahandaki membamba yaliyochimbwa kwenye mwamba kwa ufundi ulioanzia Uajemi. Handaki hufuata maji ya chini kutoka upande wa milima, likiwa na mteremko mdogo mno. Mteremko ukizidi, maji yanakimbia na kula mwamba, ukipungua, yanasimama. Hakuna pampu wala gurudumu. Kila baada ya masafa fulani kuna kisima kinachopanda hadi juu, cha kutolea udongo na kuingizia hewa. Wageni huweza kushuka katika baadhi yake wakiongozwa na wazoefu wa mapango, wamevaa kofia ngumu na mabuti, maji yakiwa yangali yanatiririka miguuni. Matajiri wa karne za baadaye walichimba vyumba karibu na maji hayo ili wakae humo unapovuma siroko, upepo wa moto utokao Sahara. Uwanda wote wa mji uliishi kwa mahandaki haya. Bila hayo usingepata jina la Conca d'Oro, bakuli la dhahabu.

Mwaka 973 alifika mfanyabiashara na mwanajiografia Ibn Hawqal. Alihesabu misikiti zaidi ya 300 mjini na viungani, akasema wingi kama huo hajauona. Katika msikiti wa Ijumaa alipanga hesabu ya safu 36 za watu wapatao 200 kila moja, yaani zaidi ya waumini 7,000. Hata hivyo hakuwapenda wenyeji. Aliandika kwamba misikiti imekuwa mingi kwa sababu ya majivuno, kila mwenye uwezo anataka wake mwenyewe. Aliwalaumu walimu wa madrasa kuwa wameichagua kazi hiyo ili wakwepe kwenda vitani. Akamalizia kwa kulaumu vitunguu: watu wa Palermo, alisema, hula vitunguu vibichi asubuhi na jioni, na vitunguu vimewaharibu akili. Naipenda lawama hii kuliko sifa zake, kwa kuwa inatuonyesha watu wenye majirani, wivu na chakula cha jioni. Alikuta pia mtaa wa ngome kando ya bahari, al-Khalisa, ulioanzishwa mwaka 937 kwa ajili ya watawala na jeshi lao. Mtaa huo upo hadi leo na unaitwa Kalsa.

Januari 1072 Wanormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, waliingia mjini baada ya miezi mitano ya kuuzingira, wakiongozwa na Robert Guiscard na mdogo wake Roger. Walikuwa wachache. Hawakuwa na makarani wa kutosha, wala mafundi, wala watu waliojua daftari za kodi. Wakawaacha Waislamu na dini yao na mahakimu wao, na Wagiriki na makanisa yao, wakawaajiri wote. Wengine huuita huo ukarimu. Mimi nauona kwanza kama hesabu ya mtawala aliyejua kwamba peke yake hawezi. Lakini kutokana na hesabu hiyo yalizaliwa mambo ambayo Ulaya haikuwa nayo kwingineko.

Ingia kanisa la Cappella Palatina ndani ya jumba la kifalme. Roger II, mwana wa yule Roger, alitawazwa kuwa mfalme siku ya Krismasi 1130, na ndiye aliyelijenga. Kuta zimefunikwa vijiwe vya kioo na dhahabu vilivyopangwa na mafundi wa Kigiriki: Kristo, malaika, Petro, Paulo. Kila mgeni anatazama hapo, na anastahili kutazama. Lakini inua shingo zaidi. Paa ni la mbao, nyota kwa nyota zenye pembe nane, na pembeni zinashuka tabaka za vijikuba vidogo kama ilivyokuwa kwenye majumba ya Misri na Ifriqiya zama za Wafatimiya. Juu ya mbao hizo mafundi wamechora wapiga zumari na udi, wachezaji ngoma, watu wanaokunywa, ngamia, tai, na watu wawili waliokaa kucheza sataranji, mojawapo ya picha za zamani kabisa za mchezo huo. Kandokando kuna maandishi ya Kikufi ya kumwombea mfalme baraka na ushindi. Mfalme Mkristo alisali chini ya paa lililochorwa na watu wa ustaarabu wa Kiislamu, na hakuona ajabu. Joho lake, lenye simba wawili wanaowaangusha ngamia, lina maandishi ya Kiarabu pembezoni yanayosema lilishonwa katika karakana ya kifalme ya Sisilia mwaka 528 wa Hijria. Joho hilo lipo Vienna. Lilichukuliwa pamoja na hazina nyingine baada ya binti yake Constance kuolewa na Henry VI wa Ujerumani, na kwa karne nyingi wafalme wa Dola Takatifu ya Kirumi walilivaa siku ya kutawazwa.

Katika jumba hilohilo ndimo lilimoandikwa jina la Mombasa. Roger alimwita kutoka Maghribi mwanajiografia al-Idrisi, mzaliwa wa Ceuta, akamtaka aielezee dunia yote. Kazi ilichukua miaka 15 hivi. Kila msafiri aliyetia nanga Palermo na kuonekana ana habari aliitwa na kuhojiwa. Walipokubaliana maelezo wakayaandika, walipotofautiana wakayaacha. Matokeo yalichorwa kwenye sahani kubwa ya fedha, na kitabu chake, chenye ramani 70 za sehemu za dunia, kikakamilika Januari 1154. Ramani zake zinaweka kusini juu, kwa hiyo Afrika inakaa kileleni mwa karatasi na Ulaya chini. Katika sehemu ya nchi ya Zanj ametaja Malindi, watu wake wakiishi kwa uvuvi, uwindaji na chuma. Ametaja na Mombasa, akisema ni makao ya mfalme wa Zanj. Sofala ameitaja kwa dhahabu yake. Al-Idrisi hakuwahi kufika pwani yetu. Alisikia habari zake kwa watu, mfalme wa Kinormani akiwa msikilizaji wake mkuu, miaka karibu 350 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Kila ninaposoma kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilijulikana Ulaya kwa Wareno, nakikumbuka kitabu hiki cha Palermo.

Roger alikufa mwezi uliofuata, Februari 1154. Ile sahani ya fedha ilipotea. Mwaka 1161 waasi walilivamia jumba la mfalme na kupora hazina, na katika ghasia hizo Waislamu wa mjini waliuawa majumbani na madukani. Huo ndio mwanzo wa nusu ya pili ya habari.

Aliyeuona mji katika kipindi hicho cha katikati, kabla haujaharibika kabisa, ni Ibn Jubayr wa Andalusia. Alikuwa anarudi kutoka Hija. Desemba 1184 meli yake ilivunjika karibu na Messina, na Mfalme William II, mjukuu wa Roger, alitoa fedha ili Waislamu maskini waliokwama wafikishwe nchi kavu. Palermo ilimshangaza. Alisikia adhana, aliona misikiti yenye madrasa, akamkuta kadhi. Aliandika kwamba alama ambayo mfalme huitia kwenye hati zake huanza kwa Alhamdulillahi. Siku ya Krismasi aliwaona wanawake wa Kikristo wakienda kanisani wamejitanda na kujifunika uso kama Waislamu, wamevaa hariri ya dhahabu na hina mikononi. Kanisa alilolisifu kuliko yote ni lile lililojengwa na George wa Antiokia, amiri wa majeshi ya Roger. Leo linaitwa Martorana, lipo Piazza Bellini, pembeni mwa makuba matatu mekundu ya San Cataldo, na ndani yake kuna picha ya Roger akivishwa taji na Kristo mwenyewe. Ibada zake hufuata taratibu za Kigiriki, kwa kuwa ni kanisa la Waitalia wenye asili ya Albania, kizazi cha wakimbizi waliowakimbia Waosmani karne ya 15.

Lakini msafiri huyo alikuwa na masikio pia. Waislamu walimwambia kwa siri kwamba hotuba ya Ijumaa imekatazwa. Walimwambia jinsi watu wakubwa wanavyobanwa wabadili dini. Huko Trapani, alikokwenda kungoja meli, baba mmoja alitaka kumwoza binti yake kwa hujaji yeyote atakayekubali, ili msichana apate kuondoka kisiwani akiwa na dini yake. Hayo yaliandikwa miaka ileile ambayo sisi tunaisifu kuwa ya kuvumiliana.

Kutoka Martorana nenda Zisa, magharibi mwa mji wa kale. Watu wengi hawafiki kwa sababu njia inapita kati ya maghorofa yasiyovutia. Ni kasri la mapumziko lililoanzwa na William I mwaka 1165 na kumaliziwa na mwanawe. Limeelekezwa baharini ili livute upepo. Hewa iliingia kwa matao matatu makubwa, ikapita juu ya maji yaliyotoka ukutani, yakashuka kwenye ubao wa marumaru na kufuata mfereji sakafuni hadi bwawani nje, kisha ikapanda na kuvipoza vyumba vya juu. Ndani ya makumbusho yake kuna jiwe dogo la kaburi ambalo nadhani ni kitu cha kuhuzunisha kuliko vyote Palermo. Padre mmoja wa mfalme, jina lake Grisanto, alimwekea mama yake Anna mwaka 1149. Yameandikwa maandishi manne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kila moja linahesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Mtoto alitaka kila mpita njia asome jina la mama yake kwa herufi anazozijua. Miaka 100 baadaye katika mji huo wasomaji wa Kiarabu walikuwa karibu wamekwisha.

William II alipokufa mwaka 1189 mauaji yalirudi, na Waislamu waliobaki wakakimbilia milimani. Frederick II, ambaye kaburi lake la jiwe la zambarau lipo ndani ya Kanisa Kuu, alikulia Palermo na alisifika kwa kupenda elimu ya Waarabu. Huyohuyo, kuanzia miaka ya 1220, ndiye aliyewahamisha Waislamu wa Sisilia kwa nguvu hadi Lucera, kusini mwa Italia bara. Walikaa huko mpaka mwaka 1300, mfalme mwingine, Charles II wa Anjou, alipouvunja mji wao na wengi wakauzwa utumwani. Mafundi wa paa, wachimbaji wa qanat, walimu na walaji wa vitunguu, kizazi chao kiliishia sokoni.

Yaliyofuata naweza kuyapitia haraka. Jumatatu ya Pasaka 1282, wakati wa masifu ya jioni kwenye kanisa la Santo Spirito, ugomvi na askari wa Kifaransa uligeuka uasi ulioufukuza kisiwani utawala wa Anjou, ukoo wa Kifaransa. Waaragoni wakaja, kisha Wahispania, wakatawala kwa karne nyingi. Njia panda ya Quattro Canti yenye sanamu kila pembe ni kazi yao, iliyoanzwa 1608. Chemchemi ya Piazza Pretoria ilitengenezwa kwa bustani ya bwana mmoja huko Florence, ikauzwa kwa Palermo mwaka 1573 na kuletwa vipande 644. Kwa sababu ya masanamu yake yaliyo uchi watu waliuita uwanja huo wa aibu. Mwaka 1624 tauni iliingia, na mifupa iliyoonekana kwenye pango la Monte Pellegrino, iliyosemekana kuwa ya Mtakatifu Rosalia, ikabebwa mitaani. Tauni ikaisha, naye akawa mlinzi wa mji. Sikukuu yake ya Julai bado inajaza barabara, na miongoni mwa wanaopanda mlima kumwendea wapo Watamili wa Sri Lanka, Wahindu, wanaoishi mjini.

Jambo ambalo sitaki lipite haraka ni la Wayahudi. Walikaa karibu na Via Calderai, mtaa wa wafua vyuma na shaba. Obadiah wa Bertinoro, rabi aliyepita mwaka 1487, aliisifu sinagogi yao kuwa haina mfano. Miaka mitano tu baadaye amri ya Ferdinand na Isabella ilifika Sisilia, na kufikia Januari 1493 walikuwa wameondoka au wamebatizwa. Wakuu wa mji walipinga, wakijua ni mafundi wangapi watawapoteza, lakini hawakusikilizwa. Siku hizi vibao vya mitaa hiyo vina Kiitalia, Kiebrania na Kiarabu, na mwaka 2017 Askofu Mkuu Corrado Lorefice aliwapa Wayahudi kanisa dogo la Santa Maria del Sabato walifanye sinagogi. Ilichukua zaidi ya miaka 500.

Jumba la Steri, pembeni mwa Piazza Marina, linaeleza hofu iliyofuata. Kuanzia 1600 hadi 1782 lilikuwa makao ya mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi. Mwaka 1906 mtaalamu wa mila za Sisilia, Giuseppe Pitrè, alikwangua chokaa ya kuta za vyumba vya wafungwa akakuta chini yake michoro: watakatifu, meli, ramani ya kisiwa, mashairi ya kuomba huruma. Wafungwa walichora kwa masizi na vumbi la matofali. Mahakama ilipofungwa, majalada yake yalichomwa moto, na kwa hiyo kuta hizo ndizo zimebaki kuwa shahidi.

Wakati huohuo Palermo ilikuwa mji wa watumwa. Katika kijiji cha San Fratello, karibu mwaka 1526, Waafrika wawili waliokuwa watumwa, Cristoforo na Diana, walizaa mtoto waliyemwita Benedetto. Aliachwa huru, akachunga mifugo, akaishi na wakaapweke, kisha akaingia konventi ya Wafransisko ya Santa Maria di Gesù chini ya Monte Grifone. Alikuwa mpishi. Hakujua kusoma wala kuandika, na hakuwa padre. Hata hivyo ndugu zake walimchagua awe mkuu wa konventi, na alipomaliza zamu yake akarudi jikoni. Alifariki tarehe 4 Aprili 1589. Baraza la Palermo lilimchagua kuwa mmoja wa walinzi wa mji mwaka 1652, zaidi ya miaka 150 kabla Roma haijamtangaza mtakatifu mwaka 1807. Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil na nchi za Kihispania za Amerika walimfanya wao. Nashangaa jinsi wageni wengi, hata Wakatoliki wa kwetu, wanavyopita Palermo bila kusikia jina lake. Mwishoni mwa Julai 2023 moto wa msituni ulishuka Monte Grifone, ukalichoma kanisa hilo na kuteketeza sehemu kubwa ya mwili wake uliokuwa umehifadhiwa humo.

Mji wenyewe umechomwa pia. Mabomu ya Mei 1943 yaliibomoa Kalsa, na kwa miongo mingi vifusi havikuondolewa. Badala ya kuujenga mtaa wa kale, wanasiasa na Mafia waligawana vibali vya kujenga maghorofa pembezoni. Villa Deliella, kazi nzuri ya mjenzi Ernesto Basile, ilibomolewa Novemba 1959. Teatro Massimo ilifungwa mwaka 1974 kwa matengenezo, ikafunguliwa 1997. Mchoro wa Caravaggio uliibwa kutoka Oratorio di San Lorenzo Oktoba 1969 na haujapatikana. Majaji Giovanni Falcone na Paolo Borsellino walizaliwa katika mitaa hiyo ya Kalsa, wakacheza mpira pamoja wakiwa watoto, na kesi waliyoiandaa ilifikisha mahakamani washtakiwa zaidi ya 400 wa Mafia. Wote wawili waliuawa kwa mabomu mwaka 1992, mmoja Mei, mwingine Julai. Baada ya vifo hivyo wenyeji walianika mashuka meupe madirishani yenye maneno ya kupinga, na mji ukaanza kujichukua tena, mtaa kwa mtaa.

Ballarò, soko lililo hai tangu zama za Waarabu, ndilo lililoonyesha mabadiliko kabla ya majumba. Wauzaji bado huita wateja kwa sauti ya kuimba. Kuna panelle za unga wa dengu zinazokaangwa mafuta yakichemka, karibu sana na bajia zetu, zikitiwa ndani ya mkate. Lakini kando ya muuza panelle sasa yupo Mgambia, Mghana, Mnigeria, Mbangladeshi. Wengi wa vijana wa Kiafrika walivuka kutoka Libya, bahari ileile iliyovukwa na jeshi la kadhi Asad kutoka Ifriqiya, ila wao kwa mashua za mpira na bila silaha. Kwenye ukuta mmoja wa mtaa huo umechorwa uso wa Benedetto, mweusi, mkubwa kama nyumba.

Mwaka 2015 meya Leoluca Orlando alitangaza Hati ya Palermo, iliyodai kwamba kuhama ni haki ya binadamu. Haikuwa sheria, na meya hatoi vibali vya kuishi nchini. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Italia ilipitisha amri iliyowazuia waombaji hifadhi wasiandikishwe kuwa wakazi wa mji, na asiyeandikishwa alipata taabu kufikia huduma nyingi. Januari 2019 Orlando alitangaza kwamba amewaagiza maofisa wake wa daftari la wakazi wasiitekeleze sehemu hiyo. Waziri wa mambo ya ndani alimshambulia hadharani, mameya wengine wakamuunga mkono, na suala likafika mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba, ikakifuta, na majina yakaendelea kuandikwa kwenye daftari la Palermo.